Mgeni njoo, mwenyeji apone: Mji wa Oban na tamasha la lugha ya Kigaeli

KATIKA pwani ya magharibi ya Uskoti upo mji mdogo wa bandari uitwao Oban. Wakazi wake hawafiki elfu kumi, nyumba zake zimejipanga mfano wa hilali kuizunguka ghuba, na kwa siku nyingi za mwaka shughuli yake kuu ni kuwapokea watalii na kuwavusha watu na mizigo kwa feri kwenda visiwani. Lakini uwadiapo Oktoba wa mwaka ambao mji huo umeteuliwa kuwa mwenyeji wa Mòd, tamasha kuu la lugha na utamaduni wa Wagaeli, sura yake hubadilika. Vyumba vya wageni hujaa. Kumbi za shule, makanisa na hoteli hugeuzwa kuwa majukwaa. Lugha ambayo kwa kawaida husikika kwa nadra madukani husikika katika kila pembe ya mji.

Neno linalotawala kwenye mabango ya siku hizo ni fàilte, yaani karibu. Mgaeli akitaka kumkirimu mgeni zaidi ya hapo husema ceud mìle fàilte, karibu mara laki moja. Mswahili naye husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inaafiki hali ya Oban kuliko mtu anavyoweza kudhani, kwani katika tamasha la Mòd anayetarajiwa kupona si mwenye hoteli wala mwenye duka peke yake. Mgonjwa hasa ni lugha ya mwenyeji.

Makala haya yanaeleza asili ya tamasha hilo, jinsi linavyoendeshwa na jinsi mji unavyojiandaa kuwapokea wageni. Aidha, yanalipima swali ambalo Wagaeli wenyewe wamekuwa wakiulizana kwa miaka mingi: je, wiki moja ya nyimbo kila mwaka yaweza kuinusuru lugha inayokimbiwa na wasemaji wake?

PWANI YA WAGAELI

Kigaeli cha Uskoti ni lugha ndugu ya Kiayalandi na ya Kimanksi kinachozungumzwa katika Kisiwa cha Man. Zote tatu ni za tawi moja la lugha za Kikelti. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita palikuwa na ufalme wa Kigaeli ulioitwa Dál Riata, uliotanda kutoka kaskazini mashariki mwa Ireland hadi pwani ya magharibi ya Uskoti. Kitovu chake upande wa Uskoti kilikuwa katika eneo linalojulikana leo kama Argyll, nao mji wa Oban umo katika eneo hilo.

Kwa Kigaeli, Argyll huitwa Earra-Ghàidheal, maana yake pwani ya Wagaeli. Mswahili hatalistaajabia jina la aina hiyo, kwa sababu jina lake mwenyewe limetokana na neno la Kiarabu sawahil, lenye maana ya pwani. Oban nao kwa Kigaeli ni An t-Òban, yaani ghuba ndogo.

Kutoka pwani hiyo lugha ilienea bara. Kufikia karne ya 11 Kigaeli kilikuwa kikizungumzwa katika sehemu kubwa ya Uskoti, hata katika baraza la wafalme. Baadaye watawala walianza kuegemea lugha zilizotoka kusini, na polepole Kigaeli kikasukumwa hadi katika milima ya kaskazini na visiwa vya magharibi.

Alama yake ingali imesalia katika majina ya watu. Neno mac kwa Kigaeli ni mwana. MacDonald ni mwana wa Donald, sawa na vile pwani ya Kenya husemwa bin, Wamaasai wakasema ole nao Wakalenjin wakasema arap. Mamilioni ya watu duniani leo wanabeba jina la Kigaeli bila ya kujua hata neno moja la lugha hiyo.

LUGHA ILIVYOFUKUZWA KWAO

Lugha haifi kwa sababu wenyewe wameichoka. Mara nyingi huwa imesukumwa. Mnamo 1609 machifu wa visiwa vya magharibi walilazimishwa kutia saini mapatano yaliyojulikana kwa jina la kisiwa kitakatifu cha Iona. Mojawapo ya masharti lilikuwa kwamba kila mwenye uwezo ampeleke mwanawe wa kwanza katika shule za nyanda za chini akajifunze Kiingereza. Miaka saba baadaye, mnamo 1616, baraza la mfalme liliamuru shule zianzishwe katika kila parokia kwa madhumuni ya kukieneza Kiingereza na kuking'oa Kigaeli.

Mnamo Aprili 1746, katika vita vya Culloden, jeshi la mwanamfalme Charles Edward Stuart, lililokuwa na Wagaeli wengi, lilishindwa na majeshi ya serikali. Baada ya hapo nguvu za machifu zilivunjwa. Kuanzia mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, wamiliki wa ardhi waliwafurusha maelfu ya wakulima kutoka mabonde ya mababu zao ili kuwapisha kondoo, waliokuwa na faida kubwa zaidi. Wengi walihamia Glasgow kutafuta kazi viwandani, wengine wakavuka bahari kwenda Kanada na Australia.

Pigo jingine lilitoka darasani. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 iliyowalazimu watoto wote wa Uskoti kwenda shule haikukitaja Kigaeli hata mara moja. Mtoto aliyetoka nyumba isiyojua Kiingereza alifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Katika baadhi ya shule, mwanafunzi aliyenaswa akisema Kigaeli alivishwa kijiti shingoni kama adhabu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alisimulia katika kitabu chake cha Decolonising the Mind, kilichochapishwa mwaka 1986, jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walionaswa wakisema lugha ya mama walivyopigwa na kuvishwa kibao cha fedheha. Kumbe mbinu hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa dhidi ya watoto wa Uingereza yenyewe kabla ya kufika kwetu.

CHAMA CHA WAGAELI NA TAMASHA LA KWANZA

Ni katika hali hiyo ambapo, mwaka 1891, kikundi cha wapenzi wa lugha kilikutana Oban na kuasisi An Comunn Gàidhealach, yaani Chama cha Wagaeli. Lengo lilikuwa kuendeleza mafunzo, fasihi na muziki wa Kigaeli. Waasisi walitazama upande wa Wales, ambako wapenzi wa Kiwelisi walikuwa na tamasha lao la ushairi na uimbaji liitwalo Eisteddfod, wakaazimia kuwa na la kwao.

Tamasha la kwanza lilifanyika mjini Oban siku moja ya Septemba 1892. Palikuwa na mashindano kumi na washindani wapatao 40. Jina lililochaguliwa, Mòd, ni neno ambalo Kigaeli kililikopa zamani kutoka lugha ya mabaharia wa Norway waliovitawala visiwa vya magharibi kwa karne kadhaa. Maana yake ni mkutano au baraza.

Oban ulikuwa mahali mwafaka pa kuanzia. Reli ilikuwa imefika mjini humo mwaka 1880, kwa hiyo msafiri aliweza kutoka Glasgow kwa gari la moshi, na msafiri wa visiwani akafika kwa meli. Hadi leo mji huo huitwa lango la visiwa, na feri zake huenda Mull, Lismore, Colonsay, Coll, Tiree na Barra miongoni mwa vinginevyo.

Isipokuwa nyakati za vita viwili vikuu vya dunia, Mòd limekuwa likifanyika takriban kila mwaka tangu hapo. Mwaka 2020 janga la Covid-19 lililazimu tamasha lililokuwa lifanyike Inverness kuahirishwa, na shughuli chache zikapelekwa kwenye intaneti. Inverness ulipata zamu yake mwaka 2021.

Tamasha halina makao ya kudumu. Huhama mji hadi mji, likaingia katika miji ya Wagaeli na hata katika miji ambayo Kigaeli kilikoma kusikika zamani. Stornoway, mji mkuu wa visiwa vya magharibi, ulilipokea mwaka 2005, 2011 na 2016. Dunoon ulilipokea mwaka 2018, Glasgow 2019, Perth 2022 na Paisley 2023. Oban, kwa kuwa ndiko kitovu kilikozikwa, hurudiwa mara kwa mara. Tamasha la kuadhimisha miaka mia lilifanyika huko mwaka 1992, kisha likarejea 2003, 2009, 2015 na 2024.

WIKI YA MÒD

Yale mashindano kumi ya mwaka 1892 sasa yamezidi mia mbili, na ile siku moja imekuwa zaidi ya wiki. Kwa kawaida ufunguzi huwa jioni ya Ijumaa. Mara nyingi huandamana na msafara wa watu wenye mienge, wakitanguliwa na wapiga zumari la mfuko, yaani lile zumari la Waskoti lenye kiriba kinachojazwa upepo na kubanwa kwapani.

Siku za mwanzo wa wiki ni za watoto. Huimba, hukariri mashairi, husimulia hadithi na kuigiza michezo. Katikati ya wiki huja zamu ya waimbaji watu wazima, na hapo ndipo hushindaniwa medali ya dhahabu ya An Comunn, ambayo hutolewa kwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mshindi wa medali hiyo hutambulishwa kwayo maisha yake yote, kama vile mtu anavyotambulishwa kwa shahada aliyohitimu.

Siku za mwisho ni za kwaya. Alhamisi huwa ya kwaya za maeneo ya mashambani, na Ijumaa huwa ya kwaya kubwa zinazowania ngao mashuhuri ya Lovat na Tullibardine. Jumamosi, mashindano yakiisha, kwaya zote hukusanyika mahali pa wazi na kuimba kwa pamoja, walioshinda na walioshindwa, kabla ya kutawanyika.

Yapo pia mashindano ya fidla, kinubi, akodioni, dansi na utunzi wa mashairi. Kuna aina mbili za uimbaji ambazo mgeni hazisahau. Ya kwanza ni puirt-à-beul, muziki wa mdomo, ambapo mwimbaji huyapanga maneno mepesi kwa kasi kubwa hivi kwamba watu huweza kucheza bila ala yoyote. Ya pili ni nyimbo za kazi zilizoimbwa na wanawake wa visiwani walipokuwa wakiipigapiga mezani nguo ya sufi iliyoloweshwa ili ishikamane na kuwa nzito. Mmoja huongoza, wengine huitikia, na mapigo ya nguo huwa ndiyo ngoma. Mtu aliyewahi kusikia wimbo wa wavuta jarife au wa wanawake wanaotwanga ataitambua mara moja sanaa hiyo.

Utaratibu wa kutoa alama una somo lake. Katika uimbaji, Kigaeli cha mshindani hupewa alama zake na muziki alama zake. Mwenye sauti nyororo anayeyakosea maneno hashindi, na mwenye lugha fasaha asiyejua kuimba naye vilevile. Kwa njia hii tamasha hukumbusha kwamba wimbo wa Kigaeli ni lugha kwanza, sauti baadaye.

Usiku, mashindano yakifungwa, shughuli huhamia hotelini na katika mabaa, ambako watu huimba na kupiga fidla hadi usiku wa manane. Ndiyo maana kwa utani Waskoti huliita tamasha hilo Olimpiki za Wiski. Utani huo nao una mahali pake Oban, ambako kiwanda cha wiski kilichoanzishwa mwaka 1794 kimo katikati ya mji hadi leo.

MJI UNAVYOJIANDAA

Kuwakaribisha wageni wa Mòd si kazi ya wiki moja. Mji huteuliwa miaka kadhaa kabla. Baraza la eneo na An Comunn hukubaliana kuhusu gharama na kumbi, na kamati ya wenyeji huundwa. Kamati hiyo huandaa hafla za kuchangisha fedha na kuwatafuta watu wa kujitolea watakaosimama milangoni, watakaopanga zamu za washindani na kuwaelekeza wageni njia.

Wenye biashara hulingojea tamasha kwa hamu, kwani huja katika Oktoba, msimu wa watalii unapoelekea ukingoni. Kwa mji unaoishi kwa utalii, wiki moja ya vyumba vilivyojaa wakati wa baridi na mvua ni neema.

Lakini makaribisho ya Mòd yana sharti ambalo mikutano mingine haina. Mgeni anatarajia kukaribishwa kwa Kigaeli. Kwa hiyo wenyeji wengi, ambao hawaijui lugha hiyo, hujifunza angaa salamu chache: madainn mhath ya asubuhi, feasgar math ya jioni, na asante, ambayo ina sura mbili. Kwa rafiki au mtoto husemwa tapadh leat, na kwa mkubwa au mtu usiyemfahamu husemwa tapadh leibh. Aliyelelewa kuamkia wakubwa kwa shikamoo ataelewa kwa nini kosa la sura hizo mbili ni kosa la adabu, si la sarufi tu.

Hapa ndipo penye jambo la kutia uchungu. Wakati wa tamasha la kwanza, Kigaeli kilikuwa lugha ya kawaida kwa watu wengi sana wa Argyll. Katika sensa ya 2011, waliosema Kigaeli katika eneo la Argyll na Bute walikuwa takriban wanne kwa kila watu mia moja. Katika pwani inayoitwa pwani ya Wagaeli, Kigaeli kimekuwa mgeni, nacho hutundikiwa bango la karibu.

LAWAMA ZA WENYEWE

Mòd halikosi wakosoaji, na wengi wao ni Wagaeli wenyewe. Lawama ya kwanza inahusu kwaya. Wanakwaya wengi hawaisemi lugha. Wanayakariri maneno kwa matamshi sahihi, wanaimba vizuri, wanashinda, kisha wanashuka jukwaani na kupongezana kwa Kiingereza. Wakosoaji huuliza kama hiyo ni lugha hai au ni vazi la sherehe.

Lawama ya pili inahusu muziki. Wimbo wa asili wa Kigaeli ni wa mtu mmoja, bila ala, nao hufuata mapigo ya maneno. Kuupanga kwa sauti nne za kwaya au kuusindikiza kwa piano, wanasema, ni kuuvisha suti wimbo uliozaliwa kando ya moto jikoni. Tamasha limejaribu kulijibu hilo kwa kuweka mashindano maalumu ya uimbaji wa jadi yenye medali yake.

Watetezi wana majibu yao. Wanasema kwamba wengi walioanza kwa kukariri wimbo mmoja waliishia kujifunza lugha yote. Wanasema pia kwamba mtoto anayeimba Kigaeli mbele ya halaiki inayomshangilia hawezi kuionea haya lugha yake kama alivyoionea haya babu yake aliyevishwa kijiti. Hoja hii ina uzito, kwani aibu iliyopandwa shuleni haiondolewi kwa hotuba.

Oban wenyewe unao mfano wa jinsi muziki uwezavyo kuibeba lugha mbali. Kundi la Capercaillie lilianzia katika shule ya sekondari ya mji huo mnamo 1984, vijana wakipiga muziki wa jadi kwa ala za kisasa. Mwaka 1992, wimbo wao Coisich a Rùin ulikuwa wa kwanza wa Kigaeli kuingia katika orodha ya nyimbo 40 bora za Uingereza.

DAWA AU KITULIZO?

Takwimu za sensa zinasimulia pande mbili. Mwaka 1891, chama kilipoasisiwa, Uskoti ulikuwa na wasemaji wa Kigaeli zaidi ya 250,000, na kati yao zaidi ya 40,000 hawakujua lugha nyingine. Kufikia 2001 walikuwa wamebaki wapatao 59,000, na 2011 wapatao 57,000. Kisha katika sensa ya 2022 idadi ikapanda hadi karibu 69,700, na watu wenye ujuzi wa namna yoyote wa lugha hiyo, hata wa kusikia tu, walifika 130,161.

Ongezeko hilo halikuletwa na tamasha pekee. Chuo cha Kigaeli cha Sabhal Mòr Ostaig kilianzishwa katika kisiwa cha Skye mwaka 1973. Madarasa ya kwanza ya msingi yanayofundisha masomo yote kwa Kigaeli yalifunguliwa Glasgow na Inverness mwaka 1985. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya Kigaeli mwaka 2005, runinga ya BBC Alba ikaanza kutangaza Septemba 2008, na mwaka 2025 bunge hilo likapitisha sheria nyingine iliyokipa Kigaeli hadhi ya lugha rasmi.

Lakini upande wa pili wa sarafu unatisha. Katika visiwa vya magharibi, ngome ya mwisho ya lugha, waliosema Kigaeli walikuwa asilimia 52 mwaka 2011. Mwaka 2022 walishuka hadi asilimia 45, yaani chini ya nusu ya wakazi. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Highlands and Islands mwaka 2020 ulionya kwamba, mambo yasipobadilika, Kigaeli kingeweza kukoma kuwa lugha ya kawaida ya jamii katika visiwa hivyo ndani ya mwongo mmoja.

Kwa maneno mengine, wanafunzi wa lugha wanaongezeka mijini ilhali mama wanaowabembeleza watoto kwa lugha hiyo wanapungua visiwani. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika Kisiwa cha Man, mzawa wa mwisho aliyerithi Kimanksi kutoka kwa wazee wake, mvuvi Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974. Lugha hiyo imefufuliwa na leo ina shule yake ya msingi, lakini kazi ya kufufua ni ngumu maradufu kuliko kazi ya kutunza.

KUTOKA ARGYLL HADI MACKINNON ROAD

Huenda msomaji akauliza, haya ya Argyll yatuhusu nini? Yapo yanayotuhusu. Abiria wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa hupita mji mdogo wa Mackinnon Road, penye kaburi na msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli, ambapo wasafiri wengi husimama kuomba dua. Jina la mji huo ni la William Mackinnon, aliyezaliwa Campbeltown mwaka 1823, katika Argyll hiyohiyo. Ndiye aliyekuwa mwasisi wa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuitawala sehemu hii ya Afrika kabla ya serikali ya Uingereza kuichukua mwaka 1895. Hata jina lake la Mackinnon ni la Kigaeli, lenye ile mac ya mwana.

Basi miaka ileile ambayo Wagaeli walikuwa wakikutana Oban kutafuta namna ya kuiokoa lugha yao, mwana wa pwani hiyo alikuwa ameufungua mlango ambao Kiingereza kiliingilia kwetu.

Kenya nayo ina tamasha lake la muziki la kitaifa, lililoanzishwa mwaka 1927, ambalo huhama mji hadi mji na kuwaleta pamoja wanafunzi wanaoimba nyimbo za jamii mbalimbali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza serikali kukuza na kulinda lugha za jamii zetu. Kila mwaka watoto hushangiliwa wakiimba kwa lugha ambazo baadhi yao hawazielewi, kisha hupanda mabasi na kurudi makwao wakizungumza lugha nyingine. Lawama wanayorushiana Wagaeli kuhusu kwaya zao ingeweza kuandikwa hapa bila ya kubadilisha neno.

Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba Mòd halina faida. Bila ya wale watu 40 wa mwaka 1892 nyimbo nyingi zingezikwa pamoja na waimbaji wake. Lakini jukwaa haliwezi kufanya kazi ya jikoni, wala medali haiwezi kuchukua nafasi ya mzazi. Lugha iliyokaribishwa kwa mabango Oktoba huhitaji kutumika Novemba, dukani, ofisini, kwenye feri na mezani pa chakula.

Wahenga walionena mgeni njoo, mwenyeji apone walituachia na ya pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kigaeli kimekuwa mgeni wa heshima katika miji ya Uskoti kwa zaidi ya miaka 130. Kimepewa viti vya mbele na kimeimbiwa vizuri. Kilichobaki ni kukipa jembe.